Daftari la Chama Likiwekwa Mbali

Ndugu mkulima, zamani jina lako na hesabu ya maziwa yako viliandikwa katika daftari, karani akalifungia kabatini. Siku hizi vyama vingi vya ushirika huweka habari hizo, pamoja na namba ya kitambulisho na ya simu, katika kompyuta za kampuni nyingine, pengine nje ya Kenya. Huko huitwa "wingu".

Si vibaya, daftari huliwa na mchwa. Lakini aliyewekewa amana akiipeleka kwa jirani, yeye ndiye atakayeulizwa. Mwizi akipata namba zako aweza kujaribu kukopa kwa jina lako.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikubali habari zako zipelekwe nje ovyo. Yataka kwanza ionyeshwe kwamba zitalindwa. Zikiibwa, na hatari ikiwapo, chama kimwarifu Kamishna wa Data katika saa 72, nawe uambiwe.

Basi katika mkutano mkuu usiulize bei ya maziwa tu. Uliza: habari zetu ziko wapi? Nani aweza kuzifungua? Mkataba wasemaje? Halmashauri isiyoweza kujibu haijastahili kuwekewa amana hiyo.