USAFI HUU WETU UNAFUKUZA VIPEPEO

 Msomaji mpenzi, kabla hujakimbilia ukurasa wa vichekesho, hebu nipe dakika tano tu. Kuna jambo linalonikereketa moyoni.

Wahenga walinena kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Huu wangu nilijidunga mwenyewe. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitoa siku nzima ya mapumziko ili Wakenya wapande miti. Lengo la taifa ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032. Mimi nilikuwa nyumbani likizoni, kule Kibwezi, Makueni. Mvua ilikuwa imenyesha vya kutosha na udongo ulikuwa laini. Vijana wa kijiji tulijitokeza na majembe na mapanga, tukaelekea kwenye mteremko ulio karibu na kwetu. Kabla ya kupanda chochote, tulifyeka. Nyasi zilikwenda, vichaka vikang'olewa, na isivu ikakatwa yote bila huruma. Mahali pake tukapanda mikaratusi. Tukapigwa picha, tukanywa soda, tukajiona mashujaa.

Jioni nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba humwita susu, aliniuliza, "Mmekata isivu mpande nini?"

"Miti, susu."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwani isivu ni nini? Ni ng'ombe?"

Swali lile nililichukulia kama mzaha wa wazee. Lakini nilipokwenda likizo nyingine baada ya mvua, niliona kitu. Tangu utotoni nimezoea kuona vipepeo weupe, wenye mishipa ya kahawia kwenye mabawa, wakijaa kwenye vile vichaka kama karatasi zilizopeperushwa na upepo. Safari hii walipita tu juu ya mteremko wetu, wakaenda zao. Mikaratusi nayo, mingi ilikuwa imekauka au imevunjwa na mbuzi. Basi tukakosa huku na huku.

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia. Alinieleza jambo ambalo nataka kila mmoja wetu alijue. Kipepeo akiwa mkubwa hunywa nekta ya maua mengi tofauti, lakini kiwavi wake huwa hali kila jani. Mama hutafuta mmea maalumu wa kutagia mayai. Yule mweupe wetu hutaga kwenye isivu na jamaa zake tu. Yule wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa hutafuta mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, ile tunayoiita magugu. Wengine wadogo wa kahawia, wanaoruka chini chini, viwavi wao hula nyasi. Ukiondoa mmea, umeondoa kipepeo, hata kama hujawahi kumgusa hata mmoja.

Kwa hivyo, ndugu zangu, kumhurumia kipepeo si kuacha kumkimbiza kwa sweta wakati wa mapumziko. Kumhurumia ni kumwachia mmea wake. Hilo ndilo neno langu leo.

Wenzetu wa Uingereza walijifunza hayo kwa uchungu. Walikuwa na kipepeo mkubwa wa samawati aliyeishi kwenye malisho ya nyasi fupi. Alipoanza kupungua, lawama ziliangukia watu waliomkusanya, na baadhi ya mahali pake pakazungushiwa ua. Kumbe ua ule ulizuia mifugo pia! Isitoshe, katika miaka ya 1950 ugonjwa uliua sungura wengi waliokuwa wakila nyasi zile. Nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, na aina moja ya sisimizi ikatoweka. Kiwavi wa kipepeo yule hulelewa ndani ya kiota cha sisimizi hao. Mwaka wa 1979 kipepeo huyo aliisha kabisa Uingereza. Mwanasayansi Jeremy Thomas ndiye aliyefumbua fumbo hilo, na kuanzia 1983 vipepeo wa aina hiyo waliletwa kutoka Sweden na kurudishwa kwenye malisho yaliyotunzwa vizuri. Unaona? Walimlinda kipepeo wakasahau nyumba yake.

Sisemi yule mweupe wetu anaisha kesho. Huyo ni msafiri, huruka kwa maelfu kutoka nchi hii hadi ile. Ninaowahofia ni wale wadogo wa nyasini ambao huzaliwa na kufa papo hapo. Wao hawana nauli ya kuhama. Na nyumba yao Ukambani inabomolewa kila siku: hapa makaa, pale shamba, kwingine mbuzi wengi kupita kiasi. Hata marufuku ya makaa ya mwaka wa 2018 katika Kaunti ya Kitui ilitokana na kilio cha miti kukatwa ovyo.

Mtu atauliza, "Tutakula vipepeo?" Swali zuri. Kule Gede, karibu na msitu wa Arabuko Sokoke, wanakijiji wamekuwa wakifuga vipepeo tangu mwaka wa 1993 chini ya mradi wa Kipepeo, na pupa huuzwa Ulaya na Marekani. Hapa kwetu, nyasi za kienyeji kama mbeetua zimefanyiwa utafiti katika kituo cha Kiboko, Makueni, na wakulima huuza mbegu zake. Isivu hulisha mbuzi wakati wa ukame, na binadamu pia hula matunda yake. Kinachomfaa kipepeo kinamfaa na mwenye mbuzi.

Sasa nije nyumbani. Kuna uvumi kwamba kile kichaka kilicho nyuma ya uwanja wa kandanda kitafyekwa muhula ujao ili shule ipendeze siku ya wazazi. Walimu wetu wapendwa, kwa heshima na taadhima, naomba kisifyekwe. Najua kiranja wa usafi atanikasirikia. Atasema nyoka, atasema mbu. Namjibu hivi: karibu na mabweni na madarasa tufyeke mpaka paonekane ardhi, sina neno. Lakini kule nyuma ya uwanja hakuna anayelala.

Naomba mambo matatu tu. Kwanza, tukigawe kichaka hicho mara mbili, tukate nyasi za upande mmoja mwaka huu na upande wa pili mwaka ujao, baada ya mvua kuisha na viwavi kumaliza kula. Tusiache nyasi zikarefuka milele, Waingereza wametufunza. Pili, anayepewa adhabu ya kufyeka aonyeshwe kwanza isivu ni ipi, asiikate. Tatu, kitalu cha shule kiwe na mimea ya kwetu pia, si mikaratusi pekee. Mbegu tuwaombe susu zetu. Wanaijua mimea hiyo kwa majina na kwa kazi zake. Sisi tunaijua kwa neno moja tu, magugu.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, nikasimama kando ya mteremko mtupu nikitazama vipepeo wakipita kama matatu iliyojaa. Sitaki mdogo wangu atakayejiunga na shule hii aje kuona vipepeo kwenye kitabu cha Biolojia tu.

Wino umeniishia. Anayenipinga na aandike toleo lijalo, nitamsoma. Lakini kabla hajashika kalamu, aende nyuma ya uwanja asubuhi moja baada ya mvua, asimame dakika tano, atazame.