Bogenvilia na Ndoo Mbili za Maji



Hapa Bujumbura, tangu mwezi wa Juni hadi Septemba hatutazamii mvua ya maana. Jioni moja ya kiangazi cha mwaka jana nilimkuta binti wa jirani yangu akirudi bombani na ndoo ya pili, hali madaftari yake yakimngoja mkekani. "Mwanangu, maji haya ni ya kupikia?" nilimwuliza. "Hapana, mwalimu," akajibu (hawajaacha kuniita hivyo, ingawa siku hizi naketi ofisini), "ni ya ua la baba."

Ua lenyewe ni bogenvilia iliyopandwa ukutani miaka mitatu kabla. Ilikuwa imestawi ajabu: majani tele, miiba mirefu, wala rangi hata kidogo. Na kadiri ilivyokataa kuchanua, ndivyo mzee alivyoagiza maji zaidi.

Asili ya mti huu ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea, aliuona Rio de Janeiro, nao ukapewa jina la mkuu wa safari yake, Louis-Antoine de Bougainville. Akina mama watapenda kujua kwamba msaidizi wa Commerson, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyejivika nguo za kiume ili apokewe merikebuni. Ndiye mwanamke wa kwanza ajulikanaye kuizunguka dunia.

Zile rangi tuzipendazo si ua, bali ni majani yaliyogeuka rangi. Ua halisi ni kile kijineli cheupe kilichomo katikati. Mizizi ipatapo maji na samadi kwa wingi, mti hujishughulisha na matawi na majani. Udongo ukaukapo na jua likiwaka, ndipo uchanuapo. Basi bogenvilia iliyokwisha shika ardhi iachwe na kiu yake. Majani yakilegea sana, imwagiliwe mara moja, maji yazame chini, kisha iachwe tena. Mche wa mwaka wa kwanza hauwezi kuvumilia hivyo, wala ule wa chunguni: huo utiwe maji kidole kikigusa udongo mkavu.

Nilipomweleza jirani, alikunja uso. "Waniambia niuue mti wangu?" Kwa shida tukapatana ajaribu. Juma la tatu majani kadhaa yalianguka, nikaletewa salamu zisizopendeza. Juma la sita zambarau ikatokeza juu ya ukuta. Mzee hakuniambia neno. Binti ndiye aliyekuja mbio kuniita.

Baada ya kuchanua, matawi hupunguzwa, kwani rangi hutoka katika machipukizi mapya. Lililokatwa lisitupwe: chagua tawi gumu lenye unene wa kalamu ya risasi, urefu wa sentimita 20 hivi, ulichomeke hadi nusu katika udongo wenye mchanga, kivulini, mvua za Oktoba zikianza. Huo ndio wakati wa kuumwagilia bila choyo, mpaka uchipue.

Binti amekwisha kuniomba nimwandalie chungu chake mwenyewe.