Injini Inayogonga na Ujira wa Uchunguzi

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika kila siku katika gereji za Mwenge, Sinza, Tandika na Mbagala, hakuna linalotolewa hukumu kwa haraka kama lile la injini inayogonga. Maana mwenye gari hajamaliza kueleza kwamba akikanyaga mafuta husikia mlio mwembamba wa vyuma, na fundi amekwisha kutamka kuwa petroli ni chafu, au plagi zimekufa, au, siku ikiwa mbaya, kwamba injini yote imechoka na heri itafutwe nyingine. Sisemi kwamba mafundi wetu ni wajinga, kwani wengi wao wana maarifa ya mikono ambayo mhandisi wa vitabuni angeyaonea wivu. Nasema kwamba hukumu imetangulia ushahidi, na sababu yake haiko kwa fundi peke yake: iko pia kwa mwenye gari, ambaye hutoa fedha za spea bila ya kinyongo, walakini huona amedhulumiwa akiombwa ujira wa kuchunguziwa tu.

Dhana ya petroli chafu ina asili yake, wala si ya kudharauliwa. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, yaani hugongesha injini upesi, na zamani yalipokuwa na bei ya chini kuliko petroli walikuwako waliochanganya hiki na kile kwa tamaa ya faida; ndipo EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ikaanzisha kutia vinasaba vya utambuzi katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili hila hiyo ikose tija. Lakini gari linalogonga kwa petroli ya kila kituo, kutoka Tegeta hata Mbagala Rangi Tatu, lina maradhi yake lenyewe, na katika magari ya petroli yaliyokwisha kula miaka maradhi hayo aghalabu hukaa katika kiungo ambacho wengi hukihesabu kuwa ni pambo la sheria za Wajapani, yaani valvu ya EGR.

Kazi ya valvu hiyo ni kuchukua sehemu ndogo ya moshi wa eksozi na kuirudisha ndani ya injini pamoja na hewa mpya. Moshi huo, madhali umekwisha kuungua, hauna la kuungua tena. Huingia katika silinda ukapunguza joto la mwako, na joto likipungua hupungua pia oksidi za nitrojeni, ambazo ni hewa yenye madhara kwa vifua vya watu. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba mwako uliochanganywa na moshi huwa wa polepole, na mtengenezaji, akilijua hilo, ameipanga taimingi ya injini ili plagi ichome mapema kidogo. Valvu ikiganda katika hali ya kufungwa, au njia zake zikijaa masizi, moshi haurudi, joto hupanda, plagi inaendelea kuchoma mapema vile vile, na sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla mwali haujaifikia. Huko ndiko kugonga.

Sasa tazama namna maradhi haya yanavyozaliwa gerejini. Valvu ikikwama wazi, gari hutetemeka na kuzimika linaposimama katika foleni. Fundi hukata kipande cha bati, akaziba njia ya moshi, na gari likatulia papo hapo, mwenyewe akaondoka akishukuru. Baada ya muda mfupi anarudi na mlio wa kugonga, na safari hii anaambiwa kuhusu petroli, na akishikilia sana hurudishiwa taimingi nyuma, mlio ukanyamaza lakini nguvu zikapungua na mafuta yakaliwa zaidi. Desturi hii ya kuunyamazisha mlio bila ya kuuliza chanzo si yetu peke yetu: mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors alivumbua kwamba kiasi kidogo cha kiunga cha risasi kikitiwa katika petroli huondoa kugonga, na walimwengu wakaivuta sumu hiyo miongo kwa miongo, hata Afrika ya kusini mwa Sahara ilipoiacha mwanzoni mwa 2006.

Uchunguzi wenyewe ni sahali. Swali la kwanza ni la wakati: gari linalogonga likiwa na moto, likienda mwendo wa wastani na mguu haujazama sana katika mafuta, hutia shaka juu ya EGR zaidi kuliko lile linalogonga mafuta yakikanyagwa yote, kwa kuwa valvu hiyo ghalibu hufungwa nguvu zote zikitakiwa. Kisha, kwa valvu zinazoendeshwa kwa mvuto wa hewa, injini ikiwa na moto na ikizunguka taratibu, hutolewa mpira wa valvu na kuvutwa kwa pampu ndogo ya mkono: injini ikitetemeka au ikizima, valvu na njia ni nzima, na kosa litafutwe katika mipira au swichi zake; lakini ikiendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, ama valvu hainyanyuki ama masizi yameziba njia, na masizi huondolewa kwa brashi na dawa ya kusafishia kabureta. Fundi mwaminifu atauliza kwanza kama kiungo hicho kimo, maana injini nyingi ndogo za VVT-i, zilizojaa katika mitaa yetu, hazina valvu hiyo, na humo yafaa kutafuta joto la rejeta, plagi zisizolingana na kaboni juu ya pistoni.

Kazi hiyo haichukui asubuhi nzima, lakini ni kazi. Hatushangai zahanati ikitutoza kipimo cha damu kabla ya dawa, hata kipimo kikionyesha hatuna malaria. Basi gereji ibandike ukutani bei ya uchunguzi, mbali na bei ya kufunga spea, na iandike katika risiti kilichopimwa na kilichoonekana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ambayo hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani na ina chuo chake pale Chang'ombe, ingeweza kulifanya andiko hilo kuwa sehemu ya mtihani, na mwenye gari wa Temeke akawa na karatasi ya kumwonyesha fundi wa Kinondoni kabla bati la pili halijakatwa.