Gari la mazao likibonyea, rangi iangaliwe kwanza

Mfanyabiashara wa nyanya au viazi mwenye pikapu au kirikuu anajua kwamba gari la kazi halikai bila alama. Mpakiaji huegemeza tenga mlangoni, gunia la lumbesa humponyoka mtu begani likapiga ubavu wa gari, bodaboda hupenya sokoni mahali pasipopitika na kuacha bonyeo. Mwenye gari hugomba, huombwa radhi, na jioni huanza kuulizia fundi wa bodi.

Hapo ndipo fedha nyingi hutumika bila sababu. Bonyeo la ukubwa wa kiganja halipunguzi hata kilo moja ya mzigo, wala haliongezi mafuta. Lakini gari likilala gereji halileti kitu. Ichukuliwe kwamba mwenye gari hubakiwa na Sh30,000 kwa kila safari na husafiri mara moja kwa siku. Siku tatu za gereji ni Sh90,000 alizozikosa kabla hajamlipa fundi, hajanunua puti wala rangi. Na msimu wa mavuno nyanya hazimsubiri fundi. Mwenye bima ndogo asitarajie msaada, kwa sababu bima hiyo hulipia hasara ya wengine, si bodi yake. Hata mwenye bima kubwa, kwa kawaida kuna sehemu ya kwanza ya gharama ambayo huibeba mwenyewe.

Kwa hiyo jambo la kuangalia kwanza si ukubwa wa bonyeo, bali kama rangi imepasuka.

Rangi ikiwa nzima, kazi inaweza kujaribiwa nyumbani. Rahisi kuliko zote ni bampa. Bampa nyingi za magari ya miaka ya karibuni ni za plastiki inayolainika kwa joto, na kwa ndani mara nyingi zimechapwa herufi PP. Birika la maji yanayochemka humwagwa taratibu juu ya sehemu iliyobonyea, kisha mtu aliyevaa glovu husukuma kutoka nyuma. Ikirudi, humwagiwa maji ya baridi ili ikae hivyo. Plastiki hiyo huanza kuyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 160, hivyo maji hayawezi kuiyeyusha. Njombe, ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 95, birika moja huenda lisitoshe. Bampa za nyuzi za kioo, ambazo baadhi ya magereji hutengeneza kwa mikono, hazilainiki. Zikisukumwa kwa nguvu hupasuka.

Bati lina tabia nyingine. Bati la mlango ni jembamba, chini ya milimita 1, na likibonyea kwa upana bila kukunjika huwa linataka kurudi lenyewe. Pampu ya mpira ya kuzibulia sinki ikilowanishwa, ikabanwa juu ya bonyeo na kuvutwa, mara nyingi hulirudisha, hasa mahali palipo tambarare. Isipofaa, kitambaa cha ndani ya mlango hufunguliwa na bonyeo husukumwa kwa kipande cha mti kilichofungwa tambara, kuanzia kingoni kuelekea katikati. Wengi huharibu hapa kwa kuchukua nyundo ya chuma na kugonga katikati. Bati likigongwa hivyo hutanuka, na bati lililotanuka halina tena mahali pa kurudi. Mwenye gari hubaki na uvimbe badala ya shimo. Gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni, mlango wake usifunguliwe na asiyeujua.

Bonyeo lenye kona kali, au lililo juu ya mstari wa bodi, halitoki kwa njia hizi. Wale wanaopuliza hewa ya moto kisha wakaweka barafu hufanikiwa mara chache, na ushauri huo hautoshi kumpotezea mtu Jumapili nzima.

Mambo hubadilika rangi ikiwa imepasuka na chuma kinaonekana, hata kama ni mkwaruzo wa urefu wa kidole. Hapo kusubiri ni hasara, na kwa mkulima hasara huja haraka kuliko kwa mwenye gari la ofisini. Gari linalobeba mbolea za SA, CAN au DAP hubaki na vumbi la chumvichumvi kila penye ufa, na vumbi hilo huvuta unyevu wa usiku. Mwenye gari wa Tanga au Mtwara ana upepo wa bahari juu ya hayo. Msasa, kopo dogo la rangi ya awali ambayo mafundi huiita praima, na rangi yoyote ya juu, hata isipofanana vizuri, vitazuia kutu leo kwa gharama ndogo kuliko kukata na kuchomelea bati mwakani. Tena tela la pikapu lifagiliwe na kuoshwa kila baada ya kushusha mbolea.

Ikibidi kwenda gereji, mwenye gari asimame aone bati likinyooshwa kabla ya puti kupakwa. Puti ni ya kusawazisha milimita chache tu. Kuna mafundi wanaoliacha shimo lilivyo na kulijaza puti, kisha wakapaka rangi inayong'aa. Siku ile gari linapendeza. Baada ya miezi ya barabara ya vumbi na mashimo, puti hiyo nene hupasuka, maji huingia, na kutu hula bati kwa chini bila kuonekana. Wanunuzi wa magari ya mkononi wanaujua mchezo huo: hupitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bodi ya chuma, na pale isiponata huanza kupunguza bei.