Mwenye Ng'ombe na Mwenye Kahawa
Tuseme katika kaya 10 za Ngenge, wilayani Muleba, 7 zina kahawa na 6 zina ng'ombe. Ukijumlisha harakaharaka unapata kaya 13, kana kwamba 3 zimezuka usiku. Kumbe zipo angalau 3 zilizohesabiwa mara mbili. Mwalimu wa hesabu atazidisha 0.7 kwa 0.6, apate 0.42, yaani kaya 4 na ushei zenye vyote viwili. Ubaoni sawa. Ila kuzidisha huko kunataka mambo hayo mawili yasitegemeane hata kidogo, na kibanja cha Wahaya wa huko, yaani shamba la nyumbani, hakiko hivyo: samadi ya zizini ndiyo inayorutubisha migomba, na mibuni imesimama humohumo migombani. Kwa hiyo kaya zenye vyote viwili huenda zikazidi 4; bwana shamba aliyepanga viti vinne tu kwa semina ya wenye vyote viwili, aazime vingine mapema.