Gia Ni Hesabu, Si Uganga

Ndugu wafanyakazi wa Baba Dogo,

Mwaka 1990, hapa jirani Kasarani, ilionyeshwa motokaa ya Nyayo Pioneer iliyotengenezwa Kenya. Haikufika sokoni. Je, tukate tamaa? Hata kidogo! Giaboksi si uganga. Gia ya meno 15 ikizungusha ya meno 45, mwendo hupungua mara 3, na nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara 3: ndiyo gia ya kupandia mlima. Ikitiwa gia nyingine kati yao, gari hurudi nyuma. Fundi anayeifungua kila siku anayajua haya kwa mikono. Mbona anyimwe kalamu? Basi tunapodai mshahara, tudai na mafunzo ya kupima na kuchora. Mwenye kutengeneza aweze pia kubuni. Umoja ni nguvu!