Si Kila Tumbo Linalouma Lina Amiba

Imani kwamba kila tumbo linalouma lina amiba, na lisipokuwa na amiba basi lina taifodi, imeota mizizi Kathiani, mji wa Kaunti ya Machakos nchini Kenya, kiasi cha kuwa jibu linalotolewa hata kabla mgonjwa hajamaliza kueleza anachohisi. Kauli ya "hiyo ni amiba tu", inayotamkwa kwenye kaunta za maduka ya dawa na kurudiwa sokoni na ndani ya matatu zinazoelekea Machakos, inaudhi kwa sababu hutolewa kwa uhakika usio na msingi, ilhali gharama yake humwangukia mgonjwa. Huyo huondoka na bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa "1 x 3" kwa kalamu, yenye vidonge vya metronidazoli, ambavyo wengi huviita Flagyl. Huvimeza huku mdomo ukijaa ladha ya chuma, tumbo likatulia kidogo, na baada ya wiki chache akarudi kwenye kaunta ileile kununua vilevile.

Ugonjwa uliotibiwa mara tano kwa dawa ileile haujatibiwa hata mara moja, na jambo hili peke yake lingetosha kumfanya mwenye busara aulize kama adui anayepigwa yumo tumboni kweli. Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa miaka, yakiandamana na gesi, kuharisha wiki hii na kufunga choo wiki ijayo, mara nyingi ni dalili za ugonjwa wa utumbo nyeti, yaani hali ambayo utumbo hauna kidonda wala uvimbe, lakini mawasiliano kati ya neva zake na ubongo yamevurugika, hivi kwamba gesi ambayo mwingine asingeihisi humchoma huyu kama kisu. Vigezo vya Roma, ambavyo ni kanuni za kimataifa za kuutambua ugonjwa huu, katika toleo la mwaka 2016 vinataka maumivu ya wastani wa angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yaliyoanza angalau miezi 6 nyuma, na yanayoambatana na angalau mawili kati ya haya: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, na kubadilika kwa sura ya kinyesi.

Watetezi wa amiba hukimbilia karatasi ya maabara, nayo haiwaokoi. Tangu mwaka 1993 wanasayansi wametenganisha rasmi Entamoeba histolytica, inayodhuru, na Entamoeba dispar, isiyodhuru, ambazo chini ya hadubini hufanana. Kwa upande wa taifodi, kipimo cha Widal, kilichoanza mwaka 1896, hakitafuti kijidudu cha taifodi bali kingamwili, yaani askari wanaotengenezwa na mwili, na askari hao huweza kubaki katika damu muda mrefu baada ya vita kwisha. Wapo pia wanaodai kwamba utumbo nyeti ni ugonjwa wa Wazungu kwa kuwa Kikamba hakina jina lake, kana kwamba utumbo husubiri kamusi ndipo uume. Hoja kama hiyo haijibiwi, hufagiliwa.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba sehemu ya nafuu imo jikoni. Maharagwe yaliyomo katika isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, yana sukari ambazo mwili hauwezi kuzimeng'enya, nazo hufika kwenye utumbo mpana ambako bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wameonyesha kwamba kupunguza sukari za namna hii huwapa wagonjwa wengi nafuu. Mama anayeloweka maharagwe usiku kucha, akamwaga maji hayo asubuhi na kupika kwa maji mapya, huwa amezipunguza bila kumlipa mtu yeyote. Kumwaga maji kunauma mahali ambapo mtungi huletwa kwa punda. Hata hivyo, maji hayo yanaweza kunywesha sukuma wiki. Mgonjwa aandike alichokula na kilichofuata, ajaribu kupunguza vitunguu au maziwa, kimoja baada ya kingine, alale vya kutosha na atembee. Hofu nayo huuchochea utumbo huo huo, hivyo mwalimu anayemnyima mwanafunzi mwenye ugonjwa huu ruhusa ya kwenda chooni aache.

Anayeona damu katika choo, anayekonda bila sababu, anayeamshwa usiku na maumivu, au ambaye dalili zimemwanzia baada ya miaka 50, aende hospitali bila kuchelewa, maana huyo huenda ana ugonjwa mwingine. Wengine wote waliotibiwa amiba mwaka baada ya mwaka wana haki ya kudai uchunguzi kabla ya kulipa tena, kwa kuwa bahasha ya sita haitafanya lolote ambalo tano za kwanza hazikufanya.